NYUMBA YA MBAO NA WATU WAKE: HISTORIA YA USHARIKA WA BORGUND, NORWEI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya washarika katika juma la maadhimisho ya miaka mia moja)



Kamati ya Maadhimisho imeniomba nieleze habari za usharika mmoja mkongwe wa Kilutheri ulio nje ya nchi yetu, ili katika kutimiza miaka mia moja tupate kujipima na waliotutangulia. Nimechagua Borgund, usharika mdogo wa wakulima na wafugaji katika bonde la Lærdal, magharibi mwa Norwei. Ninayo sababu. Swali lililo mbele ya Baraza letu la Wazee, yaani tulifanyie nini kanisa letu la kwanza baada ya kuhamia hili kubwa, liliwafikia watu wa Borgund katika karne ya 19. Ni vema tusikie walivyolijibu kabla hatujapiga kura.

1. Nyumba yenyewe

Kanisa la kale la Borgund lilijengwa mwishoni mwa karne ya 12. Wataalamu waliohesabu pete za umri katika mbao zake wameonyesha kuwa miti ilikatwa yapata mwaka 1180. Liliwekwa wakfu kwa jina la Mtume Andrea, na lilisimama kandokando ya njia ya kale iliyopita milimani kuunganisha magharibi na mashariki ya nchi. Wasafiri walioshuka kutoka baridi ya mlima wa Filefjell waliliona hapo.

Ni kanisa la nguzo. Katika nyakati za mwanzo mafundi wa Norwei walichimbia nguzo za makanisa ardhini, nazo zikaoza baada ya muda. Waliofuata wakajifunza kutokana na hasara hiyo: wakaweka mawe, juu ya mawe wakalaza magogo mazito, na juu ya magogo hayo wakasimamisha nguzo za msonobari. Unyevu wa udongo haukuzifikia tena. Kuta na mapaa wakayapaka lami ya misonobari, na kazi hiyo ya kupaka ikarudiwa kizazi hata kizazi. Hiyo ndiyo siri ya mbao zilizodumu zaidi ya miaka mia nane.

Mapaa yake yamepandana ngazi kwa ngazi, yameezekwa vigae vya mbao, na kwenye ncha zake vimetokeza vichwa vya majoka pamoja na misalaba. Kuizunguka nyumba kuna baraza lenye paa, na pembeni upo mnara wa kengele uliosimama peke yake. Ndani mna giza. Hapo zamani hapakuwa na mabenchi. Watu walisimama, na mwanga uliingia kwa vitundu vidogo vilivyo juu.

2. Watu wake

Ndugu zangu, nyumba haijengi usharika. Mwaka 1349 tauni kuu iliingia Norwei. Inakadiriwa kuwa nusu ya wananchi, au zaidi, walifariki. Mashamba mengi yaligeuka msitu, na makanisa mengi yakaachwa mpaka yakaanguka. Borgund lilibaki, na walibaki watu wa kuabudu humo siku ya Bwana.

Mwaka 1537 Matengenezo ya Kanisa yaliingia kwa amri ya mfalme wa Denmark, aliyeitawala pia Norwei. Mkristo wa kijijini hakuulizwa. Alikuta tu kwamba mahubiri na Biblia sasa ni kwa Kidenmark, lugha ya watawala, iliyokuwa karibu na yake lakini si yake. Mimbara iliingizwa kanisani katika karne hiyo ya 16, na mwaka 1654 ikawekwa picha ya madhabahuni ya Kristo msalabani. Borgund haikuwa na mchungaji wake peke yake. Ilikuwa, kwa lugha yetu, mtaa mmojawapo wa usharika mkubwa wa Lærdal, na mchungaji alifika kwa zamu. Wainjilisti wetu wanaijua hali hiyo pasipo kuelezwa.

Hata umiliki wa nyumba ulitikisika. Katika miaka ya 1720 mfalme, akiwa na madeni ya vita, aliyauza makanisa ya Norwei kwa watu binafsi. Mahali pengi wakulima walilazimika kulichangia upya kanisa walilobatiziwa, ili liwe mali yao.

Imani ya amri iligeuka kuwa imani ya moyo polepole, na njia yake ilikuwa mafundisho. Mwaka 1736 kipaimara kilifanywa sharti kwa vijana wote. Mwaka 1739 ikafuata sheria ya shule, ili kila mtoto aweze kusoma Katekisimo. Kwa kuwa vijijini hapakuwa na madarasa, mwalimu alihama kutoka shamba hadi shamba, akifundishia jikoni mwa wenyeji. Bila kusoma, hakuna kipaimara. Na asiyepata kipaimara hakuweza kufunga ndoa. Hivyo taifa maskini la wavuvi na wakulima likajua kusoma.

Matunda yake yalionekana kwa Hans Nielsen Hauge, mtoto wa mkulima, aliyeguswa na Roho Mtakatifu akiwa shambani tarehe 5 Aprili 1796. Alitembea nchi nzima kwa miguu akihubiri, bila cheo cha uchungaji. Sheria ya 1741 ilimkataza mlei kukusanya watu kwa ibada bila ruhusa ya mchungaji, na Hauge akafungwa toka 1804. Hukumu yake ya mwisho ilitolewa mwishoni mwa 1814. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1842. Mwaka huohuo, mjini Stavanger, kikaundwa chama cha misheni. Katika mkondo huo wa uamsho wa walei kikazaliwa mwaka 1891 chama kingine, kilichotuma watu China. Na mlango wa China ulipofungwa, wakaja Afrika Mashariki. Hospitali ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955, ni tunda la mti huo. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya wakulima wa Norwei hatuzungumzi habari za wageni kabisa.

3. Swali la mwaka 1851

Sasa nafikia swali letu. Katika karne ya 19 watu waliongezeka sana. Mwaka 1851 ilipitishwa sheria kwamba kila kanisa liwe na nafasi ya watu watatu katika kila watu kumi wa usharika. Sheria hiyo ilikuwa na nia njema, lakini makanisa ya nguzo yalikuwa madogo. Inaaminika kuwa zamani yalijengwa zaidi ya elfu moja. Mengi yalikwisha kuanguka, na sasa yaliyosalia yakaanza kuvunjwa moja baada ya jingine, mbao zikauzwa.

Kanisa la Vang lilikuwa limetangulia. Mchoraji J. C. Dahl alijitahidi lisipotee, na mwishowe likanunuliwa na mfalme wa Prusia mwaka 1841. Leo limesimama Karpacz, nchini Polandi, na Walutheri wanaabudu humo. Lakini watu wa Vang hawanalo. Kanisa la Gol lilipelekwa Oslo katika miaka ya 1880. Hadi leo yamebaki 28 tu.

Borgund walifanyaje? Mwaka 1868 walijenga kanisa jipya, lenye nafasi, karibu kabisa na lile la kale. Wakahama. Lakini hawakuvunja. Mwaka 1877 jengo la kale lilichukuliwa na chama cha kuhifadhi makumbusho ya kale kilichoundwa mwaka 1844, nacho kinalitunza hata sasa. Usharika ukaendelea na ibada zake katika jengo jipya, bila kubeba peke yake mzigo wa gharama za lile la kale.

Wala watu wa magharibi ya Norwei hawakubaki wote nyumbani. Kati ya mwaka 1825 na 1930 Wanorwei zaidi ya 800,000 walihamia Amerika. Mwaka 1969, huko Rapid City, Dakota Kusini, liliwekwa wakfu kanisa lililonakiliwa kutoka Borgund. Kama wazee wangelivunja lile la kwanza, ni kitu gani kingenakiliwa?

4. Yatupasayo

Nitasema wazi. Wapo kati yetu wanaosema kanisa letu la kwanza ni bovu, linakula kiwanja, na mabati yake yafaa kwa jiko la shule. Hoja yao si ya upuuzi. Nafasi ni haba na sadaka ni ya wajane. Lakini wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe Yordani ili watoto wapate kuuliza. Mtoto hawezi kuuliza habari za jiwe lisilokuwapo.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tusivunje, tuinue msingi juu ya unyevu na tubadilishe mbao zilizooza, kama mafundi wale wa kale. Pili, tusilitwishe Baraza peke yake. Iundwe kamati ya utunzaji ikihusisha waliozaliwa hapa na kuhamia mijini. Tatu, vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa vinakiliwe na kuwekwa mahali salama na moto. Kanisa la Fantoft, karibu na Bergen, lilichomwa moto tarehe 6 Juni 1992, likawa majivu. Lilijengwa upya, lakini mbao za kale hazirudi.

Pamoja na hayo, nawasihi tusidanganyike. Kule Norwei leo mtalii hulipa kiingilio aione nyumba ya kale, na siku ya Jumapili mabenchi mengi ya makanisa ya vijijini ni matupu. Mbao zaweza kudumu miaka mia nane. Imani haina budi kupokewa upya na kila mtoto. Kwa hiyo tuitunze nyumba ya baba zetu, na darasa la kipaimara tulitunze zaidi.

Mungu aubariki usharika wetu katika karne yake ya pili. Amina.