Dumu la Maji Katika Mji Uliozingirwa

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule, siku ya pili ya mkutano wetu.)



Nimetakiwa niseme kidogo juu ya jambo nililoliona katika kazi yangu. Wengi wenu mnajua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa karani wa nyaraka mjini Arusha, katika Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya Rwanda. Mahakama ile ilikuwa na ndugu yake huko Uholanzi, mjini The Hague, iliyoundwa mwaka 1993 kwa ajili ya vita vya Yugoslavia. Yetu ilifuata mwaka 1994, na zote mbili zilikuwa na baraza moja la rufani. Kwa hiyo makaratasi yalikuwa yakienda na kurudi, na baadhi yetu makarani tukienda na kurudi nayo. Ndivyo nilivyolijua jina la Sarajevo katika majalada kabla sijauona mji wenyewe, na ndivyo ilivyokuwa kwamba, katika likizo moja, nilisimama ndani ya jumba la makumbusho la mji ule nikitazama picha za watu wanaoteka maji.

Vita vyenyewe sitavisimulia kirefu. Mji uko bondeni, mto mdogo wa Miljacka unapita katikati, na vilima vimeuzunguka kama kingo za bakuli. Mwaka 1984 michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika huko. Miaka minane baadaye, Aprili 1992, Yugoslavia ikiwa inavunjika na Bosnia imekwisha kujitangazia uhuru wake, majeshi ya Waserbia wa Bosnia yalikalia vilima vile pamoja na mizinga yao, na mzingiro haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 29 Februari 1996. Ni siku 1,425. Ndani walibaki watu kati ya 300,000 na 400,000: Waislamu, Wakroatia, Waserbia waliokataa kuwahama jirani zao, na wengineo. Umeme ulikatwa, gesi ikakatwa, mabomba ya maji yakakauka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu wastani wa makombora 329 kwa siku, na siku moja ya Julai 1993 yalifika 3,777.

Sasa twende kwenye picha.

Makumbusho ya Historia ya Bosnia na Herzegovina yako kando ya barabara kuu, ile ambayo waandishi wa habari waliipa jina la Njia ya Wadunguzi, kwa sababu wapiga risasi wa mafichoni waliweza kuiona kutoka juu. Jengo lenyewe lilipigwa, na nilipofika mimi bado lilikuwa limebanduka plasta. Maonyesho hayo yalifunguliwa mwaka 2003 na yanaitwa Sarajevo Iliyozingirwa. Picha ziko ukutani, na karibu yake viko vitu vyenyewe, vingi vikiwa vimetolewa na raia majumbani mwao. Nilidhani nitaona maiti. Zipo, siwafichi. Lakini nafasi kubwa wamepewa watu wazima wakivuta kigari cha mtoto kilichojaa madumu, mama anayepika kwenye roshani, na madirisha yaliyozibwa kwa nailoni ya Umoja wa Mataifa badala ya vioo.

Lipo jiko, kwa mfano. Majiko haya wenyeji waliyaunda kwa mabati ya kila namna, hata pipa la ndani la mashine ya kufulia. Fundi yeyote wa Gerezani angeyatambua mara moja. Ndani yake walichoma kwanza miti ya bustani za mji, kisha sakafu za mbao, kisha samani, kisha viatu, mwisho vitabu. Ipo pia taa: glasi ya maji, mafuta kidogo ya kupikia yakielea juu, na utambi wa kamba ya kiatu. Mbele ya taa ile nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanitazama. Koroboi! Wenzangu wa rika langu, ambao tulijisomea kwa koroboi nyumbani kabla ya kuletwa hapa, mtanielewa. Ila wale walikuwa na tramu ya umeme tangu mwaka 1895. Waliijua koroboi uzeeni.

Na sigara. Kiwanda cha tumbaku hakikufungwa, lakini karatasi za kufungia ziliisha, basi pakiti zikawa zinatengenezwa kwa karatasi yoyote iliyopatikana, hata kurasa za vitabu vya shule. Mtu anavuta sigara huku mkononi ameshika ukurasa wa hesabu. Sitoi ushauri hapo, Ndugu Mkuu wa Shule.

Nimetaja shule, na vijana wanataka kujua. Shule hazikufungwa kabisa. Madarasa yalihamishiwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi na kwenye ngazi za maghorofa, kwa kuwa ngazi ziko katikati ya jengo na kombora haliwafikii kwa urahisi. Mwalimu alifundisha watoto wa jengo lake na wa majengo ya jirani, kila mmoja amekaa kwenye kipandio chake na koti lake. Wengine walifanya mitihani yao ya mwisho hivyo. Mwaka 2017 lilifunguliwa huko jumba jingine, Makumbusho ya Utoto Wakati wa Vita, ambalo lilianza na swali moja tu waliloulizwa waliokuwa watoto siku zile: utoto vitani ulikuwa nini kwako? Walitakiwa kujibu kwa herufi zisizozidi 160. Majibu yakatoka kama kitabu mwaka 2013, na baada ya majibu vikaja vitu: vinyago, madaftari, mkebe wa chakula cha msaada.

Kuna jambo la ufundi ambalo watu hupita bila kulifikiri, nami nililifikiri kwa sababu tulipokuwa hapa tulikuwa na chumba chetu cha giza, nyuma ya maabara. Filamu ya siku zile haijisafishi. Ukishapiga picha, unahitaji dawa, unahitaji giza, na unahitaji maji, tena mengi, ya kusuuzia. Maji yale yale ambayo watu waliyafuata kwa risasi. Wapo wapiga picha wa mji wenyewe, mmoja wao Milomir Kovačević, ambaye alikaa ndani ya mzingiro mpaka mwaka 1995 kisha akahamia Paris. Kila picha ya watu kama hao ina maji yake, nayo lazima yalichotwa mahali fulani na mtu fulani. Mnapozitazama, kumbukeni hivyo.

Wapiga picha wa kutoka nje walikuwa na hali nyingine. Wengi walikuwa na fulana za kuzuia risasi na magari ya chuma, na wenyeji walilalamika, nadhani kwa haki, kwamba baadhi yao walisimama kwenye njia panda ambapo wadunguzi walikuwa na kawaida ya kupiga, wakingoja mtu avuke. Fikirini mwenyewe unavuka na dumu, kamera inakungoja upande huu na bunduki upande ule. Lakini siwezi kuwatia wote kapu moja. Tom Stoddart, Mwingereza, alijeruhiwa vibaya huko mwaka 1992, akapona, akarudi. Mwaka 1995 alimpiga picha mwanamke katika mtaa wa Dobrinja, amevaa gauni zuri na viatu virefu, shingoni ana shanga, anatembea wima, uso juu, kando ya mapipa na askari mwenye silaha. Picha hiyo imezunguka dunia. Mimi bado ninapenda zaidi zile za madumu, maana mwanamke yule alijua anaonekana, na wa madumu alikuwa na haraka ya kufika nyumbani.

Basi, kwa nini ninawasumbua na picha za kuteka maji? Kwa sababu ya jalada moja.

Jenerali Stanislav Galić ndiye aliyeongoza majeshi yaliyouzingira mji kuanzia Septemba 1992 hadi Agosti 1994. Katika mashtaka yake, mbali na kesi za wadunguzi, yalitajwa matukio matano ya makombora. Nawaomba myasikilize kama orodha. Tarehe 1 Juni 1993: vijana wanacheza mpira Dobrinja, katika maegesho ya magari yenye maghorofa pande tatu, waliyoyachagua kwa kuwa yamefichika. Tarehe 12 Julai 1993: watu wamepanga foleni ya maji, Dobrinja hiyo hiyo. Tarehe 22 Januari 1994: watoto wanacheza kwenye theluji Alipašino Polje, wakafa sita. Tarehe 4 Februari 1994: watu wanagawiwa chakula cha msaada. Tarehe 5 Februari 1994: soko la Markale, watu wanauza na kununua, zaidi ya 60 wakafa.

Mpira, maji, theluji, chakula, soko. Nilipotoka kwenye makumbusho nilikuwa nimeziona zote ukutani, kasoro majina ya mashtaka. Wengi hudhani picha za vita ni za mizinga, na picha za maisha ya kawaida ni za kupumzishia macho. Katika kesi ile haikuwa hivyo. Maisha ya kawaida ndiyo yaliyokuwa shabaha. Kosa alilopatikana nalo Galić lilikuwa pamoja na hili: kuwatia raia hofu kwa makusudi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya namna ile kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Alipewa miaka 20 tarehe 5 Desemba 2003. Tarehe 30 Novemba 2006 baraza la rufani, lile lile tulilolishiriki sisi wa Arusha, likaifanya kifungo cha maisha. Huwezi kuthibitisha kwamba mtu ametishwa kwenda kisimani kama hujaonyesha kwanza kwamba alikuwa anakwenda kisimani, na kwamba hakuwa na njia nyingine.

Kwa upande wetu wa Arusha hatukuwa na picha kama hizo. Mauaji ya Rwanda yalichukua takriban siku 100 mwaka 1994, na aliyekuwa akiwindwa hakuwa na siku ya kuteka maji huku akipigwa picha. Mkienda Kigali, kwenye ukumbusho wa Gisozi uliofunguliwa mwaka 2004, mtaona chumba chenye picha zilizotolewa na ndugu wa marehemu: harusi, kipaimara, mtoto na baiskeli. Zote ni za kabla. Nimeingia vyumba vyote viwili, cha Kigali na cha Sarajevo, na siwezi kuwaambia kipi kizito zaidi. Cha Kigali sikuweza kukaa.

Asubuhi, kwenye gwaride, kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza kama watu wale waliwahi kucheka. Swali zuri, nami nilimwahidi jibu mbele ya wote. Walicheka sana. Mwaka 1993 walifanya mashindano ya mrembo wa mji huku makombora yakianguka. Mwaka 1995 walianzisha tamasha la sinema ambalo lipo mpaka leo. Na karibu na yale makumbusho, mwaka 2007, msanii mmoja alisimamisha sanamu ya mkebe wa nyama ya ng'ombe ya msaada, mkubwa, umepakwa rangi ya dhahabu, na chini yake pameandikwa shukrani za wananchi wa Sarajevo kwa jumuiya ya kimataifa. Mzee mmoja aliyekuwa akinitembeza alinisimamisha pale, akaniomba nimpige picha ameukumbatia mkebe ule kama jamaa yake. Nilipomrudishia kamera yake alikuwa bado anacheka. Akaniambia kwamba wakati wa njaa kali kabisa alimpa mbwa wake nyama ile, mbwa akainusa, akamtazama yeye usoni, akaondoka.