Seraphino Antao na Mbio Tulizozipa Kisogo
Mhadhara wa umma uliotolewa Tunduma, Mkoa wa Songwe



Jioni hii nazungumzia maisha ya mkimbiaji mmoja wa mbio fupi. Seraphino Antao alizaliwa Mombasa mwaka 1937 katika familia ya Wagoa, akafariki mwaka 2011 jijini London, alikoishi baada ya kustaafu riadha. Nimemchagua yeye kwa sababu maisha yake yanalipinga neno ninalolisikia hata vinywani mwa walimu wa michezo: kwamba sisi watu wa Afrika Mashariki tumeumbiwa mbio ndefu, za mita 100 tuwaachie Wamarekani na Wajamaika.

Antao hakutoka milimani. Alikulia mji wa bandari, kwenye joto la pwani, akapata kocha wa kumsimamia, Ray Batchelor. Mwaka 1958 alikwenda Cardiff kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, akarudi bila medali. Mwaka 1960 alikwenda Olimpiki ya Roma, napo medali haikupatikana. Wengi wetu tungemwambia kijana huyo atafute kazi nyingine. Yeye aliendelea kufanya mazoezi, na mwishoni mwa Novemba 1962, mjini Perth, Australia, akashinda yadi 100 kwa sekunde 9.5, kisha akashinda na yadi 220.

Yadi 100 ni mita 91 na ushei. Katika umbali huo hakuna nafasi ya kusahihisha kosa. Ukichelewa kuitika bastola, umechelewa. Ukiinua kichwa mapema kabla mwili haujashika kasi, wenzako wamekwisha kupita. Kwa hiyo ile miaka minne kati ya Cardiff na Perth ndiyo ninayoithamini kuliko medali zenyewe. Ni miaka ya kurudia hatua kumi za mwanzo, kupima muda, kuuandika, na kurudia tena. Kipaji alikuwa nacho tangu Cardiff. Kilichoongezeka ni kazi.

Hizo zilikuwa dhahabu za kwanza za Kenya katika riadha ya kimataifa, mwaka mzima kabla ya uhuru. Mwaka 1964 ndiye aliyeibeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Tokyo. Lakini katika Tokyo hiyohiyo Wilson Kiprugut alipata shaba ya mita 800, na miaka minne baadaye Kipchoge Keino akatwaa dhahabu ya mita 1500. Macho yote yakageukia huko. Siwalaumu waliofurahi. Naumia tu nikiona kwamba njia aliyoifungua Antao iliachwa ikaota majani. Hata dhahabu ya Kenya ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, mwaka 1972 mjini Munich, haikutosha kuufuta ule msemo. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2022, miaka 60 kamili, ndipo Ferdinand Omanyala akaleta tena Kenya dhahabu ya mbio za Antao, sasa mita 100, za Jumuiya ya Madola, kutoka Birmingham.

Omanyala huyo, Septemba 2021, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Nairobi. Hapa naomba watu wa nyanda za juu tusikilize vizuri. Huko juu hewa ni nyepesi, na mwili unaokwenda kasi unazuiwa kidogo kuliko ukiwa usawa wa bahari. Mexico City, mwaka 1968, kwenye mwinuko wa mita 2,240, Jim Hines alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.95 na Lee Evans mita 400 kwa sekunde 43.86, rekodi za dunia zote mbili. Katika michezo hiyohiyo, na katika hewa hiyohiyo, ndugu yetu John Stephen Akhwari aliteseka kwenye marathoni, akaanguka, akamaliza na goti lililofungwa bandeji. Mwinuko tunaousifia kila siku kwa ajili ya mbio ndefu ni rafiki wa mbio fupi pia.

Na kama Mombasa na Nairobi ni mbali, basi tutazame ng'ambo ya mpaka. Zambia ilimtoa Samuel Matete, bingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 1991. Ikamtoa Muzala Samukonga, aliyepata shaba ya mita 400 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 kwa sekunde 43.74. Udongo wa Nakonde, upande wa Zambia, na wa Tunduma ni mmoja. Wanaovuka asubuhi kwenda sokoni wanalijua hilo.

Sisi tunafanya nini? Nimeona mashindano ya shule: kiwanja cha mpira kimepigwa mistari kwa majivu, mwalimu anapuliza filimbi, mtoto anakwenda peku kama mshale. Anaandikwa "wa kwanza", basi. Muda wake haukuchukuliwa. Mwaka unaofuata hakuna anayejua kama ameongeza kasi au amerudi nyuma. Watoto wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, wanafika UMISSETA, michezo ya sekondari, bila namba hata moja inayowafuata. Na kasi ina kazi hata kwenye mbio tunazoziita zetu: Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitupatia ubingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03, akikimbia mita za mwisho kama mtu wa mbio fupi.

Walimu wa Momba, Mbozi, Ileje, Songwe na Tunduma, ombi langu ni hili. Kila shule iwe na daftari moja la riadha. Pimeni mita 100 kwa futi kamba, chukueni muda hata kwa simu ya mkononi, andikeni jina, tarehe na sekunde, na mtoto akihama shule mpeni namba zake aende nazo. Anzeni muhula huu.