Mgongo Baada ya Kupasuliwa: Faida ya Mazoezi

Wasikilizaji, watu wengi hudhani ya kuwa mtu akiisha kupasuliwa mgongo, maumivu yote huondoka siku ile ile. Sivyo siku zote. Wengine hutoka hospitalini mguu umepona, lakini kiuno kingali kikiuma. Huingiwa na hofu, wakalala kitandani miezi mingi wakingoja kupona. Kungoja huko ndiko kunakowazidishia udhaifu.

Yafaa kwanza kujua kazi ya daktari mpasuaji. Baina ya pingili za uti wa mgongo mna vipande laini mfano wa mito. Kipande kikitokeza nje, huweza kugandamiza mshipa wa fahamu uendao mguuni. Daktari hukiondoa kilichotokeza, na mshipa ukapata nafasi. Lakini kisu hakiwezi kuipa misuli nguvu. Misuli ya kiuno na tumbo ni kama kamba zinazoshika mlingoti wa jahazi. Kwa maumivu na kwa kulala sana hulegea.

Mwaka 2014 wataalamu wa shirika la Cochrane walikusanya majaribio 22 yaliyohusu watu 2,503 waliopasuliwa kwa ugonjwa huo. Ingawa ushahidi haukuwa wa nguvu sana, ulionyesha kwamba walioanza mazoezi baada ya majuma 4 hadi 6 walipata nafuu na kuziweza shughuli zao upesi kuliko wasiopewa tiba yoyote. Wala haikuonekana kwamba mazoezi yaliwarudisha watu kupasuliwa tena.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vyombo. Huanza kwa kutembea dakika chache asubuhi na jioni, zikiongezwa kila juma. Kisha mgonjwa hulala chali, magoti juu na nyayo chini, akainua kiuno polepole na kukishusha. Baadaye hupiga magoti na kuweka mikono chini, akanyosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, kisha akabadili. Pumzi isizuiwe. Kipimo kiwe kile alichoagiza daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Siku ya nafuu asikizidishe kwa kulima shamba zima, na siku ya maumivu kidogo asikiache kabisa.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dalili ya kwamba mgongo unavunjika. Lakini akishindwa kukojoa, akifa ganzi sehemu za siri, mguu ukipoteza nguvu, homa ikimshika, au kidonda kikitoa usaha, aache mazoezi na kwenda hospitali siku ile ile.

Watu wa nyumbani nao wana wajibu wao. Wamchukulie mtungi wa maji na mzigo wa kuni mpaka daktari atakaporuhusu, ila wasimnyime kila kazi. Akiweza kutembea mpaka sokoni, na aachwe aende.