Majina ya Wapagazi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya watu wa Kigera, Musoma)



Mtu apitaye njia akiona jiwe la ukumbusho huuliza, "Nani walipiga kambi hapa?" Yafaa tuwe na la kumjibu.

Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, Waingereza na Wabelgiji waliingia nchi hii kupigana na Wadachi. Mwezi wa Julai 1916 Waingereza walikuja kwa meli katika ziwa letu, wakautwaa Mwanza. Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Lakini askari hapigani na njaa. Magari yalikwama matopeni, ng'ombe na punda wakafa kwa mbung'o, basi mizigo ikachukuliwa na watu vichwani. Wapagazi wa Waingereza walipata kama milioni moja. Waliokufa wakadiriwa kupita 90,000, wengi wao kwa maradhi.

Huko Dar es Salaam, mahali pa kambi yao ndipo paitwapo Kariakoo, jina litokalo katika neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Tena iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, na maandishi yake yawataja wapagazi pamoja na askari. Lakini majina yao hayamo.

Basi nawasihi: kila nyumba ambayo babu yao alichukuliwa vitani, aliyerudi na asiyerudi, wampelekee mwalimu jina lake, ukoo wake, na njia aliyopita. Mwalimu na aandike katika daftari la shule, watoto wasome.