Mita ya Umeme na Gunia la Mkaa Nchini Uganda



Mwezi Mei mwaka 2023, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa katika sehemu za kaskazini mwa nchi hiyo. Kazi ya kuzuia malori ikawaangukia askari. Yeyote kati yenu aliyewahi kulinda kizuizi cha barabarani anaijua kazi hiyo: lori likizuiliwa huku, magunia hupita kule kwa pikipiki. Mti hukatwa Amuru na Gulu, lakini jiko linaloutaka mkaa liko Kampala. Jiko halisimamishwi kwa kizuizi.

Basi tulitazame jiko. Tangu mwaka 2011, wakazi wa Kampala wamekuwa wakifungiwa mita za kulipia kabla ya kutumia, kama LUKU ya hapa kwetu. Waganda huziita Yaka, neno la Kiganda lililo jirani kabisa na kuwaka kwetu. Mwaka 2005 zaidi ya theluthi moja ya umeme uliosambazwa ilipotea njiani, sehemu yake ikiliwa na vishoka; miaka ya karibuni upotevu huo umeshuka chini ya moja ya tano. Hiyo ni faida isiyobishaniwa.

Mwaka 2022 mita hizo zilipewa kazi nyingine. Ilianzishwa bei nafuu ya kupikia, ambayo mita hujihesabia yenyewe kila mwezi. Uniti 15 za kwanza ziliuzwa shilingi 250 za Uganda kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80, bei ilipanda mara tatu hivi. Kuanzia ya 81 hadi ya 150, ikashuka hadi shilingi 412, ili mama wa nyumbani aache mkaa.

Lakini ni mama yupi huyo? Mwenye taa tatu na redio hafiki uniti ya 81. Ili aifikie bei ya kupikia, sharti kwanza anunue uniti 65 za bei ya juu, naye huununua mkaa kwa kopo, kwa fedha ya siku ile ile. Unafuu uliokusudiwa kuokoa msitu humfikia mwenye jokofu. Kwa maoni yetu, bei hiyo ingeanzia pale zinapokwisha uniti 15.

Umeme wenyewe upo. Bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilizinduliwa Septemba 2024. Viwanda vya Uganda tayari hupimiwa kwa saa, usiku kwa bei ya chini. Mita ya kisasa inaweza kuifanyia nyumba ya kupanga hesabu hiyo hiyo. Na tangu tarehe 1 Aprili 2025, mkataba wa kampuni ya Umeme ulipokwisha, usambazaji umo mikononi mwa shirika la serikali yenyewe, UEDCL.