Intaneti Yajikokota: Tupime Kwanza, Ndipo Tudai

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano uliofanyika Mahoo. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamuni siku ile.)



Tumeombwa tuseme habari ya intaneti ya nyumbani, maana manung'uniko yamekuwa mengi. Ukikutana na mwenzako sokoni Taveta, au ndani ya basi la Voi, neno lake ni hilo hilo: mtandao wajikokota. Ukimwuliza wajikokota kiasi gani, hana jibu. Anasema wajikokota tu. Sisi nasi tulikuwa hivyo, na yaliyotupata ndiyo tunayotaka kuwaeleza.

Sisi ni nyumba nne za jirani. Tulichanga fedha tukavutiwa intaneti moja ya antena, ile inayofungwa juu ya nguzo na kutazama mnara. Kutoka antena waya waingia nyumba ya kwanza kwenye ruta, na wengine twaipata kwa waifai na kwa waya mrefu uliopitishwa uani. Karatasi ya mkataba ilisema "hadi megabiti 10". Tulifurahi, tukalipa, wala hatukulitazama lile neno "hadi".

Basi binti wa mmoja wetu alikuwa akiomba nafasi ya chuo, na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kazi yote ya maombi hayo siku hizi ni ya mtandao. Tangu saa moja ya jioni ukurasa ulikuwa ukizunguka, wafunguka nusu, warudi nyuma. Saa sita ya usiku mlango ukafungwa, na yeye hajamaliza. Bahati njema mlango ulifunguliwa tena baadaye, lakini usiku ule nyumba ile haikulala, na mama yake alilia.

Asubuhi tulikwenda watu watatu kwenye ofisi ya kampuni tuliyoilipa, tumejaa hasira. Kijana aliyekuwa pale akatusikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Mlipima? Mlipata ngapi? Saa ngapi? Kwa waya au kwa waifai?" Tukatazamana. Akageuza kompyuta yake akatuonyesha kwamba upande wake kila kitu ni kizima. Tukatoka. Ninyi mwajua jambo hili, maana mmeliona kazini: mtu akienda mbele ya meneja kudai saa za ziada, wala hana daftari ya saa zake, hurudi na aibu hata kama haki ni yake.

Njiani mzee mmoja wa reli aliyestaafu akatucheka. Akasema kwamba zamani waya wa simu wa stesheni ukifa, hawakuwa wakituma genge litembee njia nzima likitafuta. Walijaribu stesheni kwa stesheni. Hii yaitika, na hii yaitika, ile ya tatu kimya. Basi ubovu u kati ya ya pili na ya tatu, na genge laenda hapo. Akasema intaneti nayo ni waya tu. Tukaona ana akili kuliko sisi sote.

Kwanza tulijifunza kipimo chenyewe. Kampuni huuza kwa megabiti, lakini simu na kompyuta huonyesha ukubwa wa mafaili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1 na robo tu. Sinema ya gigabaiti moja, mambo yote yakiwa sawa, yachukua zaidi ya dakika 13 kushuka. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kuandika barua kali akidai ameibiwa sehemu 7 katika 8, kumbe hakuibiwa kitu.

Kupima si kazi ngumu. Ukifungua fast.com, ambayo ni ya Netflix, inaanza kupima yenyewe. Tena iko Speedtest ya Ookla, ambayo yakuruhusu uchague mahali pa kupimia, Nairobi au Mombasa au ng'ambo. Utapata hesabu tatu: kasi ya kushuka, kasi ya kupanda, na muda wa kwenda na kurudi, ambao huhesabiwa kwa milisekunde. Watu wengi hutazama ya kwanza tu. Lakini mtoto anayesoma kwa kamera na mwalimu wake anahitaji hiyo ya kupanda, na ule muda ukiwa mrefu mazungumzo hukatikakatika hata kama kasi ni nzuri. Angalieni pia kwamba kupima hula data. Ukipima kwa bando ya simu utaila bure.

Na hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Mmoja wetu alipima siku mbili, akaandika vizuri, kumbe simu yake haikuwa kwenye intaneti yetu hata kidogo. Ilikuwa kwenye laini yake ya simu. Nasi hapa tu karibu na mpaka. Simu zaweza kushika mnara wa upande wa Tanzania bila kukuuliza, ndipo unaposhangaa salio limekwenda wapi. Basi kabla ya kupima, zimeni data ya laini, mbaki na waifai peke yake.

Kisha tukaanza stesheni ya kwanza. Tulipata kompyuta ya kuazima, tukaichomeka kwa waya katika ruta, simu zote na televisheni zimezimwa. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Tukapata megabiti 9. Tukaichomoa, tukaingia nayo chumba cha ndani, kwa waifai: 2. Ndugu, 7 zilipotelea ndani ya nyumba yetu wenyewe! Ruta ilikuwa sakafuni, nyuma ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kudarizi ili isishike vumbi. Tena kati yake na chumba kulikuwa na ukuta wa matofali ya simenti, na jiko la nje limezungushwa mabati. Mabati huzuia mawimbi ya waifai kabisa, huyarudisha kama kioo kirudishavyo mwanga. Tukaiweka ruta juu ya kabati, mahali pa wazi, kitambaa tukampa mwenyewe akatandike mezani. Chumbani tukapata 6.

Ruta nyingi za siku hizi zina waifai za namna mbili. Ile ya 2.4 huenda mbali na hupenya ukuta kidogo, lakini imejaa watu, maana kila jirani yumo humo. Ile ya 5 ni ya kasi, ila ukuta mmoja waichosha. Ukiwa sebuleni karibu na ruta chagua 5. Ukiwa uani chagua 2.4. Basi.

Sasa ikabaki jioni. Alfajiri 9, na saa mbili ya usiku, kwa waya ule ule, moja na nusu. Tulisema, ah, sasa tumewakamata! Lakini mzee akasema, bado, zimeni nyumba moja moja. Tukazima ya kwanza, hakuna mabadiliko. Ya pili, hakuna. Tulipozima ya tatu kasi ikaruka. Tukatafuta, tukaona ni simu ya kijana mmoja. Hakuwa na kosa la kusudi. Simu yake ilikuwa imewekwa ipeleke picha na video zote kwenye ghala ya mtandaoni, nayo ilianza kazi hiyo kila jioni alipofika nyumbani na kushika waifai. Njia yetu ya kupanda ni nyembamba sana kuliko ile ya kushuka, naye akaijaza yote. Na mzigo unaoshuka hauwezi kushuka vizuri kama njia ya kupanda imezibwa, kwa kuwa kila fungu likifika lazima risiti irudi juu kusema limepokewa. Risiti zikichelewa, anayetuma hupunguza mwendo. Ni kama stesheni ya kupishania: reli ya pembeni ikijaa mabehewa, hata treni yenye haki ya kupita yasimama.

Twasema jambo hili waziwazi ingawa ni la aibu: siku ile ya maombi ya chuo, kijana yule alikuwa ametoka harusini na video nyingi. Hatuwezi kuapa kwamba si sisi wenyewe tuliomfungia binti yetu mlango. Baba ya kijana alikasirika tulipolisema mbele ya watu; tulikaa naye jioni moja, yakaisha. Sasa picha hupanda baada ya saa sita ya usiku.

Baada ya hayo tukaanza daftari. Kila siku mara tatu: alfajiri, adhuhuri, na saa mbili ya usiku. Twaandika tarehe, saa, waya au waifai, kushuka, kupanda, milisekunde, na kama kuna mvua au jua. Hiyo ya mvua wengine waliiona upuuzi. Lakini siku ya kumi tukaona kila mvua inaponyesha kasi yashuka hadi 4, hata adhuhuri, na hurudi majani yakikauka. Tukapanda nguzoni tukatazama inakotazama antena. Mwembe! Antena ilipofungwa mwembe ulikuwa mfupi, na sasa matawi yamesimama katikati ya njia. Majani yenye maji hunywa mawimbi ya redio. Mwembe ni wa mama mmoja jirani, nao huzaa vizuri. Tulikwenda kwake kwa heshima. Akatukatalia, kisha akatukubalia matawi mawili, na embe zilizokuwa juu yake tukazilipa. Tangu siku ile mvua haitusumbui.

Basi tulikuwa tumesafisha upande wetu wote. Ruta i juu, picha za kijana zimepangiwa saa, mwembe umekatwa. Hata hivyo daftari yaonyesha, kwa waya na vitu vyote vimezimwa, alfajiri 9, adhuhuri 7, saa mbili ya usiku 3. Siku 14 mfululizo. Hiyo si yetu tena. Mnara mmoja huhudumia watu wengi, na kampuni huwauzia wote njia ile ile ikitumaini hawatapita wakati mmoja. Jioni wote hupita. Ndiyo maana ya lile neno "hadi".

Lakini yatupasa kuwa wa haki. Si kila uzito ni wa kampuni ya hapa. Kabla ya 2009 intaneti yote ya Kenya ya kwenda ng'ambo ilipitia setilaiti zilizo mbali kiasi cha kilomita 36,000 juu, na kwenda na kurudi kulichukua zaidi ya nusu ya sekunde. Mwaka ule zikafika Mombasa nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM, ikafuata EASSy mwaka 2010. Nazo hukatika. Mwezi wa Februari 2012 nanga ya meli iliukata waya wa TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja huko kusini baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikajikokota. Siku kama hizo utapima na Mombasa au Nairobi uone kasi njema, huku kurasa za ng'ambo hazifunguki. Hapo usiende kumgombeza kijana wa ofisini, hana mashua.

Sasa haki yetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yasema mnunuzi ana haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, na habari za kumwezesha kufaidi alichonunua, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Malalamiko huanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Wasipojibu, au wakijibu vibaya, ndipo upeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na nakala ya barua uliyoandika kwanza. Msiruke ngazi. Hata madai ya kazi hayaanzi mahakamani.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukaambatisha kurasa za daftari, tukaeleza na makosa yetu tuliyokwisha kuyarekebisha, ili wasipate pa kutokea. Tukarudi ofisini. Kijana alikuwa yule yule. Akasoma mpaka mwisho, akanyamaza, akaingia ndani. Juma lililofuata fundi akaja, akapima kwa chombo chake, akapata kama yetu. Kampuni imekubali kwa maandishi kututoza bei ya kifurushi cha chini kwa miezi 2, mpaka mnara uongezewe nguvu. Si ushindi mkubwa, wala hatujui kama mnara utaongezwa kweli. Mwezi mmoja umekwisha, na jana saa mbili ya usiku ilikuwa 3 na nusu.

Ndugu Katibu amekubali kompyuta ya tawi itumike kupimia, pamoja na waya wake, kila Jumamosi baada ya saa nane. Njoo uiandikishe jina lako, uirudishe Jumapili jioni. Daftari ulete yako. Na mkipanda nguzoni kutazama antena, mtu mmoja ashike ngazi.