Thamani ya muzigo: mashini inaona, mutu njo anaamua

Wandugu vijana wa Lubumbashi, leo tuongee juu ya duane. Pale Kasumbalesa, deklarasio inaingia mu programu ya Sydonia. Programu inachukua bei ya fakitire, usafiri na asiranse, inahesabu ushuru. Na deklarasio za zamani zinabakia mule, afisa anaweza kulinganisha.

Tuseme mutu amenunua muzigo wa dola 20 000, lakini anaandika 8 000. Ushuru ukiwa 20%, Leta inapoteza dola 2 400. TVA ya 16% inahesabiwa juu ya bei pamoja na ushuru: dola zingine 2 304 zimeenda. Muzigo moja tu, wandugu!

Lakini tusidanganyane. Mama mwenye mabalo mbili naye anaweza kupandishiwa bei pale pale, bila karatasi. Kanuni za OMC, zenye inchi yetu ilikubali, zinamupa haki ya kuomba maelezo kwa maandishi: thamani hii mulihesabu namna gani? Mama, omba hiyo karatasi.

Na sisi tunaomba wakubwa wa duane: kila bei inayobadilishwa mu mashini, muonyeshe sababu, na nani alibadilisha.